Marudio ya fasihi na uandishi wa Kiingereza: dalili, chanzo na la kufanya

Ikifika Agosti, vidato vya nne vingi huku Kigoma vimeshamaliza mada. Kinachobaki ni marudio, na hapo ndipo mwalimu wa Kiingereza anapochoka kuliko wakati wowote wa mwaka. Unaingia darasani, unafungua notisi zilezile, unasoma kwa sauti, wanafunzi wameinamisha vichwa, kengele inalia. Wiki inayofuata unatoa jaribio, na unachosahihisha hakina tofauti na ulichosahihisha Machi.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za kata za mkoa huu, kwanza upande wa Kasulu, sasa huku mwambao wa ziwa. Makosa mengi nitakayoyataja ya walimu nimeyafanya mwenyewe kwa miaka. Nimepanga maelezo kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona ukiwa na rundo la karatasi mezani. Ila dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu tofauti, na dawa ya chanzo kimoja haigusi kingine. Homa ni ileile, lakini hakuna mganga makini anayetoa dawa ya malaria kabla ya kupima damu.

Mifano ya fasihi nitaichukua kwenye tamthiliya moja tu, The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, ili tusitawanyike. Kwa asiyeijua: katika kijiji cha Ilujinle, mwalimu kijana Lakunle na chifu mzee Baroka wanamtaka msichana mrembo, Sidi; Sadiku ni mke mkubwa wa Baroka. Ukitumia kitabu kingine, badilisha majina ya wahusika. Kazi ni ileile.

Dalili: karatasi nyeupe

Mwanafunzi anaandika namba ya swali, ananakili swali lenyewe, anaandika jina la kitabu na la mwandishi, anaongeza sentensi moja, kisha kalamu inasimama hadi karatasi zinakusanywa.

Kipimo chake ni cha dakika mbili. Mwite mezani na umwulize kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida: "Kwa nini Lakunle hataki kutoa mahari ya Sidi?" Kisha nyamaza usikilize. Utakachosikia kitakuwa kimoja kati ya vitatu.

Wa kwanza hajui. Anakumbuka kwamba kuna msichana na mzee, basi. Huyu hana kitabu kichwani kwa sababu hajawahi kuwa nacho mkononi. Nakala nne kwa watoto sabini maana yake ni kwamba wengi wamekutana na notisi, na kitabu wamekiona kwa mbali.

Wa pili anajua, tena anasimulia vizuri, lakini kwa Kiswahili tu. Kumbuka huyu amesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari karibu kila somo likageuka Kiingereza. Hadithi imo. Kilichokosekana ni namna ya kuivusha.

Wa tatu anajua na Kiingereza cha kutosha anacho, ila hakuelewa swali linamtaka nini. "To what extent" na "With reference to" zimemkalia njiani kama magogo.

Nilichelewa kujifunza hili. Nilikuwa na binti mmoja wa mwambao ambaye kwa muda mrefu nilimwandikia alama tatu, nne, tukaendelea. Siku niliyomwita na kumwuliza kwa Kiswahili, alinijibu: "Madam, Lakunle anasema mahari ni ushenzi, lakini mimi naona hana hela." Nikamwuliza amejuaje. Akaomba kitabu, akanionyesha maelezo ya jukwaani mwanzoni kabisa: suti ya kizamani iliyochakaa, haijapigwa pasi, inambana kwa udogo. Mtoto alikuwa amesoma maandishi ya pembeni ambayo wengi tunayaruka. Alikuwa na hoja ambayo haimo kwenye notisi yoyote niliyowahi kuisoma, na mimi nilikuwa nikimhesabu miongoni mwa wasiosoma.

*La kufanya kwa asiye na hadithi.* Tamthiliya hii inapita katika siku moja, asubuhi, mchana na usiku, kwa hiyo inagawanyika yenyewe katika mafungu matatu. Ligawe darasa vivyo hivyo. Kila kundi lisome fungu lake kwa sauti, kwa kugawana wahusika, likiwa na kitabu kimoja au viwili. Kisha vunja makundi na uunde mapya yenye mtu mmoja wa asubuhi, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Kila mmoja anawasimulia wenzake walichosoma, na asiposimulia yeye hakuna mwingine wa kukijaza kipande hicho. Mbinu hii aliibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuwachanganya watoto weupe na weusi na madarasa yakajaa uhasama. Sisi hatuna uhasama huo, ila tuna uhaba wa vitabu, na mbinu inautibu vizuri: vitabu vinne vinatosha darasa zima kuijua hadithi kwa vipindi viwili.

Ukishamaliza hilo, usisome notisi tena. Waambie wafunge madaftari na waandike kwa wino wa buluu kila wanachokikumbuka, dakika tano, bila kuulizana. Halafu wafungue na wajazie kwa wino mwekundu walichosahau. Kila mtoto anaona pengo lake kwa rangi, na usiku wakati wa prepu anajua aanzie wapi. Wapo watakaolalamika kuwa kusoma tena notisi kunawasaidia zaidi, na hisia hiyo ni ya kweli kwa muda mfupi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Baada ya dakika tano, waliosoma matini mara mbili walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliosoma mara moja kisha wakajitahini kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Mtihani wa Novemba hauji baada ya dakika tano, kwa hiyo mimi huwaeleza wanafunzi matokeo hayo waziwazi, ili wajue kwa nini nawasumbua.

*La kufanya kwa anayejua kwa Kiswahili tu.* Mruhusu aanze na Kiswahili, kwa saa maalumu. Najua shule nyingi zina kibao cha kukataza Kiswahili, na mkuu wa shule akipita dirishani anaweza kuuliza. Mweleze mpango: dakika tano wawili wawili wanajibu swali kwa Kiswahili, dakika kumi zinazofuata wanaliandika jibu hilohilo kwa Kiingereza, na baada ya hapo Kiswahili kimefungwa hadi mwisho wa kipindi. Ubaoni weka vitenzi vya kuvushia, si zaidi ya kumi na tano: "refuses", "rejects", "admires", "mocks", "boasts", "deceives", "persuades". Vitenzi hivi vinabeba tamthiliya nzima. Lakunle anakataa, Sidi anajivuna kwa picha zake za gazetini, Baroka anamdanganya Sadiku kwamba nguvu za kiume zimemwisha, Sadiku anamdhihaki Baroka asijue kuwa ndiye aliyedanganywa. Mtoto mwenye vitenzi saba vya uhakika ataandika ukurasa. Mwenye nomino hamsini bila kitenzi hafiki popote.

Kisha mpe mifupa ya sentensi: "Lakunle refuses to ... because ...", "This shows that ...". Wapo walimu wanaosema mifupa hii inafanya watoto waandike kama mashine. Kwa mwezi wa kwanza, ndiyo. Mwezi wa pili anza kuiondoa mmoja mmoja. Huyu binti wa suti alianza na mifupa hiyohiyo, na sentensi ya kwanza aliyoandika bila msaada ilikuwa "Lakunle calls the bride price barbaric, but maybe he has no money." Niliisoma mbele ya darasa mara mbili.

Wa tatu, aliyekwama kwenye swali, yuko pamoja na wenye dalili inayofuata.

Dalili: anasimulia hadithi nzima badala ya kujibu

Swali linasema jadili kama Baroka ni adui wa maendeleo. Jibu linaanza "Once upon a time in Ilujinle there was a girl called Sidi" na linaishia kwenye harusi, kurasa tatu, mwandiko mzuri. Msahihishaji hana pa kuweka tiki.

Chanzo kimoja ni heshima yetu kwa msimuliaji. Watoto hawa wamekua wakisikia hadithi zikisimuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuikatisha hadithi katikati ni kama kukosa adabu. Chanzo cha pili ni sisi: notisi zetu zina vichwa vya habari, "Themes", "Characters", "Setting", lakini hazina maswali. Mtoto amejifunza kumwaga alichonacho chini ya kichwa cha habari.

Zoezi linalonisaidia ni la sentensi za kwanza. Naandika ubaoni maswali matano juu ya jambo moja, na wanafunzi hawaandiki insha, wanaandika sentensi ya kwanza tu ya kila jibu. Jambo ninalopenda kulitumia ni reli. Katika tamthiliya, Lakunle anaeleza jinsi reli ilivyokuwa ipite Ilujinle, na jinsi Baroka alivyomhonga mpimaji mzungu akaipeleka kwingine. Watoto wa Kigoma hawahitaji kuambiwa reli ni nini. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika hapa ziwani 1914, na mji wetu umekaa juu yake hadi leo. Kwa hiyo maswali yanakuwa: Baroka alifanya nini? Kwa nini alifanya? Alifanikiwaje? Je, alikuwa na haki? Unakubali kuwa yeye ni adui wa maendeleo? Matano haya yanagusa tukio lilelile, lakini sentensi ya kwanza ya kila moja ni lazima iwe tofauti. Anayeandika sentensi moja mara tano anajiona mwenyewe kwamba hajasoma swali.

Kipindi kinachofuata, lile swali la tano linahamia kwenye kuta. Wanaokubali wasimame ukuta wa dirishani, wanaopinga ukuta wa ubao, na hakuna kusimama katikati. Anayetaka kusema ni lazima aje na kitu kutoka kitabuni. Mwaka mmoja kijana mmoja alisema, "Madam, huyu mzee angekuwa hapa, tungeshukia Tabora na kutembea." Darasa lililipuka. Kisha msichana wa ukuta wa pili akajibu kwamba Baroka hakuchukia reli, alichukia kupoteza wake na kijiji chake, na akafungua ukurasa. Ubishi ulichukua dakika ishirini na tano na sikusema neno. Siku ile niliona kwamba hoja walikuwa nazo siku zote. Walichokosa ni mtu wa kubishana naye.

Baada ya ubishi, waketi waandike aya moja. Jirani anaisoma kila sentensi na kuuliza kwa penseli pembeni, "So what?" Mwandishi anaendelea kujibu hadi sentensi iguse maneno ya swali. Kwa kawaida hufika kwenye "So what?" ya pili au ya tatu.

Dalili: darasa zima lina hoja zilezile, kwa maneno yaleyale

Karatasi sabini, na zote zina hoja nne kwa mpangilio mmoja, hadi kosa la tahajia ni moja. Haraka tunafikiri wameangaliziana. Mara nyingi hawakuangaliziana. Wamekariri desa moja, yaani notisi za majibu yaliyokwisha kuandikwa, aidha letu au la kununua stendi, na wakalimwaga.

Ukiwanyang'anya madesa bila kuwapa kitu watarudi kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo usianze na marufuku. Anza na kiti cha mhusika. Weka kiti mbele ya ubao. Mwanafunzi anayekaa pale si Asha tena, ni Sadiku. Wenzake wanamwuliza kwa Kiingereza: "Why did you dance when you heard about Baroka?", "Did you want Sidi to suffer?" Yeye anajibu kwa nafsi ya kwanza. Desa haliwezi kujibu maswali hayo, kwa sababu liliandikwa kwa nafsi ya tatu na halikujua kwamba Sadiku ana moyo. Mwandishi wa darasa, mmoja, anaandika majibu bora kwenye karatasi ya manila. Baada ya wahusika wanne, manila nne ukutani ni hoja za darasa lile peke yake.

Angalizo: usimlazimishe mtoto mwoga kukaa kitini siku ya kwanza. Mpe uulizaji kwanza.

Dalili: shairi linarukwa

Wanachagua maswali yote ya riwaya na tamthiliya, shairi wanalikimbia. Wengi wetu tunasema ni gumu. Nadhani tatizo ni jingine, na limefichwa na ujuzi wao wenyewe. Watoto hawa wamefundishwa shairi la Kiswahili la kimapokeo: beti, mishororo minne, mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, kibwagizo. Wakikutana na shairi la Kiingereza lisilo na vina wala mizani inayohesabika, wanaona limevunjika, au kwamba kuna siri waliyonyimwa. Kuwatibu, rudi kwenye Kiswahili. Wakumbushe kwamba hata kwetu yapo mashairi huru, na waulize yanawezaje kuwa mashairi bila vina. Watajibu kwa kujitafuta: kwa picha, kwa kurudia, kwa kimya kinachoachwa kati ya mistari. Hapo wamekwisha kutaja nusu ya istilahi za mtihani.

Kisha maswali matatu tu kwa shairi lolote lisilojulikana: nani anasema, anamwambia nani, kimetokea nini kabla hajafungua mdomo? Msianze na dhamira. Dhamira ikitangulia wanabuni UKIMWI na umaskini kwenye kila shairi, hata la mvua.

Zoezi la neno lililofunikwa ni zuri mno kwa ubao na chaki. Andika shairi fupi, acha pengo mahali pa neno moja lenye uzito. Kila kundi lipendekeze neno na kulitetea. Ukifunua la mshairi, usiulize nani amepatia. Uliza mshairi alipata nini kwa kuchagua lake, na alipoteza nini kwa kuacha la kundi la tatu. Mtoto aliyewahi kushindania neno na mshairi haogopi tena swali la uteuzi wa maneno.

Dalili: hoja nzuri, Kiingereza kimevunjika

"Sidi she refused." "Lakunle did not went." "Baroka told her wife," akimaanisha mke wake yeye Baroka.

Makosa haya matatu yana mantiki, na mwanafunzi akiionyeshwa huyaacha upesi kuliko akichekwa. La kwanza linatoka kwenye kiambishi: tunasema "Sidi alikataa", na ile *a-* ndiyo "she" anayoitafuta. Mwambie kwamba katika Kiingereza jina likitajwa kiambishi kinaondoka. La pili ni wakati uliowekwa mara mbili, kwenye "did" na kwenye "went". Kiswahili kina "hakwenda", wakati mmoja, mahali pamoja, na Kiingereza nacho kinataka mahali pamoja. La tatu linatokana na lugha yetu kutotofautisha mume na mke katika *yeye*, *wake*, *a-*. Hapa maelezo hayatoshi, panahitaji mazoezi ya mdomo, kila siku dakika tatu, ukimwonyesha mtu darasani na wao wakisema sentensi. Pamoja na hayo wengi huku hupishanisha r na l, wakaandika "pray" wakimaanisha "play", na kwenye swali la tamthiliya kosa hilo linaumiza.

Kwa marudio ya sarufi tumia mnada. Chukua sentensi kumi kutoka karatasi zao wenyewe, bila majina. Nyingine ni sahihi, nyingine zimeoza. Kila kundi lina shilingi elfu moja za karatasi. Unainadi sentensi moja moja, na kundi linashauriana linunue au liache. Watoto wa mwambao hili wanalielewa bila maelezo: mama zao hawalipi kabla ya kuingiza mkono kwenye gunia, kujua kama ni dagaa waliokaushwa juu ya chanja au juu ya mchanga. Mwisho wa mnada, kundi lililonunua sentensi mbovu linaitengeneza mbele ya wote, na likiweza linarudishiwa pesa yake. Faida kubwa iko kwenye ule mnong'ono kabla ya kupandisha bei, ambapo mtoto anamwambia mwenzake kwa nini "did not went" haifai. Hapo anafundishwa na mtu anayemwelewa.

Kuhusu kusahihisha, nimeacha kuweka alama nyekundu kwenye kila kosa. Karatasi ikijaa damu, mtoto anatazama alama ya juu, anaikunja, anaitia mfukoni. Sasa kila mzunguko nachagua aina moja ya kosa. Wiki hii nyakati tu. Nawatangazia kabla, na wao wanajisahihisha nyakati kabla ya kukusanya. Nimeokoa usiku wangu mwingi, na wao wanajua wanachokitafuta.

Dalili: barua rasmi yenye anwani moja, au yenye mbili bila habari

Muundo wanaukariri kama picha, na picha hufutika. Andika barua moja kamili, uikate vipande kwa mkasi: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa cha habari, aya, hitimisho, sahihi na jina. Changanya, wape wapange juu ya dawati. Weka na kipande kimoja cha ziada, "Yours sincerely" pamoja na "Yours faithfully", waamue kipi kiende na "Dear Sir". Dakika kumi zinatosha.

Barua tupu, ile yenye sentensi mbili, inatokana na kuomba kazi wasiyoijua kwa mtu wasiyemjua. Waandike kwa afisa mtendaji wa kata juu ya bomba lililoharibika, na jirani ajibu kama mtendaji. Jibu likija na maswali, "Which tap? Since when?", barua ya pili inakuwa na habari.

Dalili: ukiuliza kwa Kiingereza, darasa ni kimya

Wanaogopa kuchapia na kuchekwa. Uliza, wape dakika moja waandike, dakika moja wasemezane na jirani, ndipo umtaje mtu. Atakuwa anasoma kitu kilichokwisha kupita kwa sikio moja la kirafiki. Na anayecheka kosa la mwenzake, yeye ndiye wa kujibu swali linalofuata. Niliweka sheria hiyo na sikuhitaji kuirudia sana.

Dalili: nusu ya wavulana hawapo, na wanaorudi wamepotea

Kabla ya kuandika "utoro" kwenye daftari, tazama mbingu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Vijana wetu wengine wanalipia sare na michango kwa kazi hiyo, kwa hiyo wiki ya giza wanakuja wamelala au hawaji kabisa. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, niliwapata wote, na niliona tofauti kwenye makundi.

Tangu hapo napanga marudio kwa mwezi wa angani. Wiki ya mbalamwezi ni ya kazi za makundi: kuta, mnada, kiti cha mhusika. Wiki ya giza ni ya kazi inayoweza kuokotwa popote, hasa kadi. Kila somo linaacha kadi moja ya manila yenye swali mbele na jibu nyuma, inakaa kwenye boksi mezani kwa monita. Aliyekosa anachukua kadi zake, anajiuliza, anazirudisha. Upande wa Kasulu na Buhigwe panga kwa kilimo badala ya mwezi, kwa sababu huko mvua ya kwanza ndiyo inayoyamaliza madawati.

Dalili: darasani yuko vizuri, kwenye mtihani anaanguka

Angalia insha zake kwa mpangilio. Ya kwanza ina kurasa tatu, ya pili moja, ya tatu mistari sita. Alikuwa na saa tatu, akatumia saa nzima kwenye ya kwanza. Hajawahi kuandika akiwa na saa mbele yake, kwa sababu mazoezi yote tuliyompa yalikuwa ya nyumbani.

Kuanzia Septemba, mara mbili kwa wiki, andika ubaoni muda: dakika tatu za kupanga hoja, ishirini za kuandika, mbili za kusoma tena. Dakika ya tatu ikiisha, anayeendelea kupanga anaanza kuandika alichonacho. Mwanzoni watalalamika na insha zitakuwa mbaya kuliko za nyumbani, hilo ni la kawaida, usilegeze.

Tumia pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani hutoa kwenye tovuti yake. Ndani yake kuna vipande vya majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Chapisha ukurasa mmoja wa jibu baya, ficha maelezo ya baraza, wape darasa kalamu nyekundu walisahihishe na kulipa alama, kisha wasome baraza lilisema nini. Wanafunzi ni wakali kuliko mimi, na wanaona kwa mwandiko wa mtu mwingine kosa ambalo kwenye wao hawalioni.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani usilete shairi jipya wala orodha mpya ya hoja. Wape boksi la kadi, wakae wawili wawili chini ya mwembe, wazimalize zote, na zile wanazokosea mara mbili waziweke pembeni. Hizo ndizo za kupitia usiku wa kuamkia mtihani, na mara nyingi hazizidi kumi.